Shoghi Effendi: Alipewa rungu akiwa na miaka 24, akaanza kuligawa

Hebu jiweke hapo kidogo. Una miaka 24, uko chuoni ng'ambo, halafu unaambiwa kuanzia leo neno lako ndilo la mwisho kwa waumini wa dini yako dunia nzima. Hakuna muhula. Hakuna mpinzani wa kuenda kortini. Ni mpaka ufe. Ungefanya nini na rungu kama hilo?

Usijibu haraka, kwa sababu sisi tumewaona watu wakipewa kiti cha wadi tu na wiki hiyo hiyo salamu zao zinabadilika.

Huyu ninayekuletea leo alipewa, na miaka 36 iliyofuata aliitumia nyingi kufundisha watu wengine jinsi ya kupiga kura na kukaa kwenye kamati. Najua, kamati si stori ya kusisimua. Kaa na mimi tu.

Shoghi Effendi Rabbani alizaliwa 1 Machi 1897 mjini Akka, Palestina, enzi hizo chini ya Waturuki. Familia yake haikuwa Akka kwa kupenda. Baba ya babu yake, Baha'u'llah, mwanzilishi wa dini ya Baha'i, alitoka Uajemi, akafukuzwa nchi baada ya nchi mpaka akafungwa huko. Babu yake, Abdul-Baha, hakuachiliwa huru mpaka 1908. Kwa hivyo usimfikirie mtoto wa sultani. Huyu alikuwa mtoto wa nyumba ya wafungwa, ila nyumba ambayo wageni walisafiri kutoka mbali kuja kuiona.

Alisomea Beirut, akamaliza 1918, akawa karani wa babu yake. Mwaka wa 1920 akaenda Oxford, chuo cha Balliol, shabaha yake kubwa ikiwa kunoa Kiingereza ili atafsiri vitabu vya dini yao vizuri. Hakuwa akisomea uongozi.

Novemba 1921 aliitwa ofisi ya rafiki ya familia pale London. Mwenye ofisi alikuwa ametoka chumbani kidogo. Kijana akaingia, akaona simu ya maandishi imewekwa wazi mezani, akasoma kwamba babu yake amefariki Haifa. Mwenyeji aliporudi alimkuta ameanguka, hajiwezi. Oxford hakurudi tena kumaliza. (Mimi pia chuo sikumaliza, lakini yangu ilikuwa karo.)

Alipofika Haifa mwisho wa Desemba, wosia wa babu ukafunguliwa. Jina lililokuwemo ni lake: Mlinzi wa dini, cheo ambacho hakikuwahi kuwepo. Unadhani wote walipiga makofi? Januari 1922, upande wa Muhammad Ali, ndugu wa kambo wa marehemu, ulinyakua kwa nguvu funguo za kaburi la Baha'u'llah. Waingereza, ambao ndio walikuwa wakitawala Palestina wakati huo, wakazichukua funguo wazikalie, na kesi ikavutwa karibu mwaka mzima kabla hazijarudishwa kwa Shoghi. Yeye mwenyewe, kwa huzuni na uzito wa mambo, ilipofika Aprili alimwachia usukani Bahiyyih Khanum, dada ya babu yake, akaenda kujificha kwenye milima ya Uswisi. Alirudi Desemba.

Lakini kabla ya kuondoka alikuwa ameshafanya uamuzi ambao kwangu ndio unaomfanya astahili kuandikwa hapa. Maandiko yao yalitaka kuwe na baraza kuu la dunia, Nyumba ya Haki, la kuchaguliwa kwa kura. Wazee wengi waliona dawa ni kuliunda mara moja, lisaidiane na kijana. Machi 1922 akawaita Haifa watu wenye uzoefu kutoka nchi mbalimbali, wakaongea, na jibu likawa hapana, bado. Utachaguaje baraza la dunia wakati hata mtaani watu hawajajua kuchaguana? Fundi gani huanza na mabati? Akatuma barua Marekani na kwingineko: kila mji wenye Wabaha'i watu wazima tisa au zaidi, uunde baraza lake. Barua ya Machi 1923 ikaeleza kazi zenyewe.

Sasa sikiliza vile kura yenyewe inaendeshwa, kwa sababu hapa ndipo ukilinganisha na kwetu utacheka au utalia.

Kwanza, hakuna wagombea. Yaani hakuna anayechukua fomu, hakuna bango, hakuna tisheti, hakuna gari la spika kukuamsha saa kumi na mbili asubuhi. Siku moja kwa mwaka, 20 au 21 Aprili, mwanzo wa sikukuu yao ya Ridvan, watu wanakutana, wanaomba, halafu kila mmoja anapewa karatasi na kuandika majina tisa. Unaandika jina la mtu mzima yeyote Mbaha'i wa mji ule. Enzi zake mtu mzima alikuwa wa miaka 21. Huambiwi uandike nani, na wewe humwambii mwenzako. Hata mume na mke hawapaswi kupangana. Tisa wenye kura nyingi zaidi wameingia. Kama mko tisa kamili kijijini, hakuna haja ya kura, mnajitangaza baraza.

Kwa nini alikataa kampeni kabisa? Hoja yake ilikuwa rahisi: ukiruhusu kupendekeza majina, anayejua kujipanga na kupanga watu ndiye atakayechukua, na mpiga kura anabaki kuchagua kati ya alioletewa. Yeye alitaka mpiga kura awafahamu watu mwaka mzima. Umuangalie nani hufika kazi ikihitajika, nani akishika pesa za watu haziyeyuki, nani huweza kusikiliza bila kukata maneno. Ikifika Aprili unajua utaandika nini. Fikiria chama chenu cha mtaani kikichagua mweka hazina kwa njia hiyo badala ya kumpa yule mwenye mdomo.

Kuna kipengele kimoja kilichonifanya nisome mara mbili. Mwisho wa miaka ya 1930 aliwaandikia Wabaha'i wa Marekani barua ndefu kama kitabu, na humo akagusa ubaguzi wa rangi bila kupapasa. Hiyo ni Marekani ambayo Mweusi wa kusini alikuwa haruhusiwi kunywa maji kwenye bomba moja na Mzungu. Akaagiza hivi: kura zikilingana kati ya watu wawili, na mmoja ni wa kundi la wachache, usirudie kura. Huyo wa wachache apite. Basi. Kwa wengine waliolingana, kura irudiwe.

Baraza likishaingia linachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, pia kwa kura ya siri. Linashughulikia ndoa, mazishi, masomo ya watoto, ugomvi wa waumini, pesa za mfuko. Watano wakifika, kikao ni halali. Wakishindwa kukubaliana wote, wingi unaamua, na walioshindwa hawatoki nje kuanza kuwaambia watu ati sisi tulikataa. Na hii ndiyo ilinigusa zaidi: mjumbe akitoka kikaoni hana mamlaka yoyote. Nguvu ni ya tisa wakiwa wamekaa pamoja. Huwezi kumkuta mjumbe sokoni anasukuma watu kwa cheo. Mheshimiwa hayupo. Na kila siku 19 waumini wote hukutana, na hapo mtu wa kawaida anaweza kuliambia baraza linapokosea.

Usidhani ilienda kama maji mteremko. Chicago walianza mwaka wa 1901 na baraza la wanaume watupu, na wanawake walipambana mpaka 1912 ndipo wakaruhusiwa kuingia. Iran ilichukua muda zaidi. Huko wanawake walianza kuchaguliwa 1954, kwa msukumo wa Shoghi mwenyewe. Miji mingine ilifikisha tisa mwaka huu, mwaka kesho mmoja amehama, baraza limekufa, muanze tena. Na yeye kule Haifa anaandika barua. Maelfu ya barua, Kiajemi na Kiingereza, akijibu vitu vidogo kabisa vya katibu wa mji ambao hata hajawahi kuuona.

Nisikufiche upande wa pili. Mtu huyu aliyefundisha kura hakuwahi kupigiwa kura. Na mkono wake ulikuwa mzito. Jamaa zake waliokwenda kinyume naye aliwatenga na dini, mmoja baada ya mwingine, mpaka ndugu zake wa kuzaliwa, na mwisho karibu ukoo wote ukawa nje. Wafuasi wanasema alikuwa analinda umoja. Inawezekana, lakini ukisoma inauma. Tena Nyumba ya Haki yenyewe ni ya wanaume pekee mpaka leo, na sijapata maelezo ya kuniridhisha. Hata kura bila kampeni ina shida yake: mahali watu hawajuani vizuri, majina yale yale maarufu hurudi kila Aprili.

Huku kwetu alifika kwa barua kuliko kwa miguu, ingawa mwaka wa 1940, vita vikiwaka, alipita barani kutoka Cape Town hadi Cairo pamoja na mkewe Mkanada, Ruhiyyih Khanum. Waliobeba kazi hapa ni wengine. Mwaka wa 1951 familia ya Musa Banani kutoka Iran ilihamia Kampala, wakiwemo bintiye na mkwewe Ali Nakhjavani. Mwaka uliofuata Kampala ikawa na baraza lake. Februari 1953 mkutano mkubwa ukafanyika pale pale, na Shoghi akazindua mpango wa miaka kumi wa kupeleka mabaraza kila pembe. Mwaka wa 1955, serikali ya Iran ilipowavamia Wabaha'i na kuchukua makao yao Tehran, hekalu lililokusudiwa huko likakwama. Akaamua lijengwe Kampala. Liko kilimani hadi leo, na hapa Kenya kuna dogo lake Matunda Soy, lililofunguliwa 2021.

Yeye hakuliona. Novemba 1957 alikuwa London kununua vifaa vya jengo la makumbusho la Haifa, mafua makali ya mwaka ule yakamshika, na tarehe 4 moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 60. Amezikwa huko huko, makaburi ya New Southgate.

Sasa ndipo kazi yake ilipopimwa. Hakuwa na mtoto. Ukoo ambao kanuni ilitaka mrithi atoke ulikuwa umetengwa. Viongozi wakafungua sefu yake Haifa kutafuta wosia, hakuna. Hebu niambie, ni kikundi gani unachokijua ambacho kiongozi akifa hivyo hakigawanyiki mara tatu kabla ya matanga kuisha? Walikuwepo wasaidizi 27 aliokuwa amewateua. Wangeweza kugawana kiti. Mmoja wao, Mmarekani mzee Charles Mason Remey, alijitangaza Mlinzi wa pili 1960. Wenzake walimkataa, waumini wengi wakakaa nao, na Remey akatoka na wachache.

Wale waliobaki walisema hawana ruhusa ya kumteua mtu. Wangeshikilia tu mpaka kura. Mwaka wa 1953 mabaraza ya kitaifa yalikuwa 12. Kufikia 1963 yalikuwa 56, yote yamezaliwa na yale mabaraza ya mitaa. Wazee wakaomba wao wenyewe wasiandikwe kwenye karatasi.

Tarehe 21 Aprili 1963, Haifa, wajumbe wa yale mabaraza walikusanyika nyumbani kwa marehemu Abdul-Baha. Waliokosa kusafiri walituma kura kwa posta. Hakuna aliyehutubia kuomba chochote. Waliandika majina tisa tisa, kimya, kama watu walivyozoea kufanya mitaani kwao kwa miaka arobaini. Kwenye tisa waliopita alikuwemo Amoz Gibson, mwalimu Mmarekani Mweusi; Charles Wolcott, mwanamuziki aliyewahi kufanya kazi kwa Walt Disney; na Ali Nakhjavani, yule mkwe wa mzee Banani wa Kampala.