Sokoine: Kiongozi aliyeipenda kazi kuliko cheo

ALHAMISI ya Aprili 12, 1984, Watanzania walipokea kupitia redio habari ambayo hawakuitarajia. Rais, Mwalimu Julius Nyerere, alilitangazia taifa kwamba Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, amefariki dunia kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akitokea Dodoma kwenye kikao cha Bunge kwenda Dar es Salaam.

Alikuwa na umri wa miaka 45. Kipindi chake cha mwisho madarakani hakikutimiza hata miezi 14, lakini tangu siku hiyo jina lake limekuwa kipimo ambacho wananchi huwapimia viongozi wao, na si wengi wanaokifikia.

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938, Monduli, mkoani Arusha, katika jamii ya wafugaji wa Kimasai. Alisoma Monduli na baadaye Umbwe, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 1961 alijiunga na TANU, kisha akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Aliporejea alikuwa ofisa mtendaji wa wilaya nyumbani kwao Umasaini, ngazi ambayo humkutanisha mtumishi wa serikali na shida za wananchi ana kwa ana.

Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge. Miaka miwili baadaye akawa naibu waziri wa mawasiliano na uchukuzi, na mwaka 1972 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Februari 1977, akiwa na miaka 38 tu, aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu.

Hakukuta meza iliyopangwa vizuri. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka uliofuata majeshi ya Iddi Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyofuata, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, viliacha hazina ya nchi ikiwa hoi.

Novemba 1980 aliondoka madarakani kwa sababu za afya. Mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu angeweza kupumzika na kuishi kwa heshima ya cheo alichokwisha kukishika. Sokoine alikwenda Yugoslavia na kukaa darasani kama mwanafunzi. Pengine hakuna hatua inayoeleza tabia yake kuliko hiyo: bila ofisi, bila msafara, bado alijiona ana jambo la kujifunza.

Februari 24, 1983, Mwalimu alimrudisha katika nafasi ile ile. Wakati huo sabuni, sukari na nguo vilikuwa adimu madukani, huku walanguzi wakivificha na kuviuza kwa bei ya kuruka. Serikali ilianzisha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi nchi nzima, na Sokoine ndiye aliyeonekana kuwa mstari wa mbele. Wananchi walimkumbuka kwa ziara za kushtukiza na kwa kuwataka watendaji wawajibike bila kujali vyeo vyao. Mwaka huo huo mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa kusafirisha abiria Dar es Salaam, ambako shirika la UDA lilikuwa limezidiwa. Ndiyo yaliyokuja kujulikana kama daladala.

Hata hivyo, haki inataka upande wa pili nao usemwe. Sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwanyima watuhumiwa dhamana, mawakili na haki ya kukata rufaa. Wanasheria waliilalamikia, na mwaka 1984 nafasi yake ilichukuliwa na sheria nyingine iliyozipeleka kesi hizo Mahakama Kuu. Mpango wa Nguvu Kazi, uliolenga kumfanya kila mwenye uwezo afanye kazi, uliishia kuwakamata watu wasio na ajira mijini na kuwapeleka vijijini. Wengi wao walirudi.

Hapo ndipo lilipo fundisho zito la maisha yake. Mtu aliyeipenda kazi kiasi kile alihudumu katika serikali iliyojaribu kuwafanya wengine waipende kwa amri, na amri ikashindwa. Moyo wa kazi haupandikizwi kwa msako. Mtumishi huupata anapoiona kazi yake ina manufaa kwa watu, na anapomwona mkubwa wake naye akiinama na kubeba mzigo.

Kwa upande huo, hata waliompinga hawakuwa na la kumlaumu. Alidai bidii kwa wengine baada ya kuidai kwanza kwa nafsi yake. Anakumbukwa kuwa aliishi maisha ya kawaida na hakutumia ofisi kujilimbikizia mali, jambo lililoyapa maneno yake uzito ambao hakuna waraka unaoweza kuutoa.

Sokoine alizikwa nyumbani kwao Monduli. Julai 1984 kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro kilifanywa chuo kikuu kamili, kikapewa jina lake. Barabara na viwanja vya michezo pia vinaitwa kwa jina hilo.

Leo wachache wanakumbuka vifungu vya sheria zilizopitishwa katika siku zake. Wanachokumbuka ni kwamba palikuwa na Waziri Mkuu aliyefanya kazi.