Joel Bendera: Kocha msaidizi aliyeandika historia ya Stars, kisha akawa bosi wa Mkoa wa Morogoro

Ukiwauliza wazee wa soka la Bongo nani aliipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za mwaka 1980 kule Lagos, wengi watakujibu bila kufikiri: Joel Bendera.

Ukifungua kumbukumbu za mashindano yenyewe, unakuta jina lingine. Kocha mkuu wa Tanzania anaandikwa Slawomir Wolk, raia wa Poland. Bendera anatajwa kama msaidizi wake.

Yote mawili ni kweli kwa namna yake. Maisha ya Joel Nkaya Bendera yalikwenda hivyohivyo hadi mwisho: kiti kikubwa kilikuwa na mtu mwingine, yeye alikaa cha pembeni, na kazi ikafanyika.

Vijana wa Morogoro wanaomkumbuka wanamjua zaidi kama mkuu wa mkoa, yule mzee aliyekaa chini ya milima ya Uluguru kuanzia 2011 hadi 2014. Wengine hata hawajui kama aliwahi kupuliza filimbi ya mazoezi.

Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1979 haukuwa mwaka rahisi

Bendera alizaliwa mwaka 1950 na kwao ni Korogwe, Tanga. Mwaka 1979 alikuwa bado hajafikisha miaka 30. Kwa umri huo, makocha wengi wa leo bado wanafundisha timu za mtaani.

Na nchi yenyewe ilikuwa imetoka vitani. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa 1978, Tanzania ikajibu, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Gharama ya vita ilikuwa kubwa. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda, nao wakafunga kweli, maana dukani hakukuwa na sukari wala sabuni ya kutosha.

Katikati ya hali hiyo, Stars ilikuwa inasaka tiketi ya AFCON.

Hapa kuna kitu ambacho kizazi cha simu janja huwa hakikijui. AFCON ya leo ina timu 24. Ile ya 1980 ilikuwa na timu nane tu, Afrika nzima. Mwenyeji Nigeria alikuwa na nafasi yake, bingwa mtetezi Ghana na yeye yake. Zilizobaki zilikuwa sita, zinagombewa kwa mechi za mtoano, nyumbani na ugenini. Ukiteleza mara moja, umekwisha. Hakuna kundi la kukusubiri upige hesabu za nani amfunge nani.

Stars iliitoa Mauritius. Ikabaki na Zambia.

Zambia, ile mechi

Zambia ya wakati ule ilikuwa kigogo. Ilishacheza fainali ya AFCON 1974. Mwaka huohuo wa 1979, klabu ya Mufulira Wanderers ilikuja Dar es Salaam ikaipiga Simba mabao 4-0 kwenye Klabu Bingwa Afrika. Simba ikaenda Lusaka na kushinda 5-0, jambo ambalo hadi leo mashabiki wake wanalisimulia kama juzi. Kwa hiyo Agosti ilipofika, Watanzania walijua mambo mawili: Wazambia ni wakali, na wanafungika kwao.

Mechi ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam. Stars ilishinda 1-0, bao la Mohamed Rishard, maarufu kama Adolph.

Bao moja nyumbani ni akiba ndogo sana ya kwenda nayo Ndola. Benchi la ufundi lililijua hilo, wachezaji walilijua hilo, na nchi nzima ilijua.

Bara hakukuwa na televisheni wakati ule. Ilikuja miaka ya 1990. Watu walijazana kwenye redio, Radio Tanzania Dar es Salaam, na mtangazaji ndiye aliyekuwa macho ya taifa. Kwenye vijiwe vya Morogoro mjini, kwenye vijiji vya Matombo na Mgeta huko milimani, popote penye redio yenye betri nzima, palikuwa na kundi la watu.

Zambia ilitangulia kufunga. Jumla ikawa 1-1. Wenyeji wakaendelea kusukuma, na kila dakika iliyopita ilikuwa upande wao.

Dakika ya 85, Peter Tino akasawazisha.

Ikaisha 1-1, Tanzania ikafuzu kwa jumla ya 2-1. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Jina la Tino likaingia kwenye vichwa vya Watanzania na halijatoka hadi leo, na hilo ni haki yake. Lakini bao la dakika ya 85 ugenini halifungwi na timu iliyochoka. Ili ufike pale ukiwa bado na pumzi, kuna mtu alikukimbiza mazoezini asubuhi, kuna mtu alijua nani ana nyama za paja na nani hajalala vizuri.

Kazi hiyo kwenye benchi nyingi ni ya msaidizi. Kocha mkuu wa kigeni anakuja na falsafa yake. Msaidizi mzalendo anamjua mchezaji kwa jina la utani, anajua lugha ya kumtukana kidogo na lugha ya kumbembeleza. Ndiyo maana wazee wanamtaja Bendera kwanza.

Lagos

Fainali zilianza Machi 8, 1980. Stars ilipangwa kufungua dimba na wenyeji wenyewe, Nigeria, ndani ya uwanja uliofurika wa Surulere.

Ilifungwa 3-1. Juma Mkambi, yule waliyemwita Jenerali, ndiye aliyefunga bao la kwanza la Tanzania kwenye AFCON. Nigeria hiyohiyo baadaye ilitwaa kombe kwa kuifunga Algeria 3-0, kwa hiyo kufungwa nayo haikuwa aibu.

Mechi ya pili, Misri ilishinda 2-1, bao la Stars likifungwa na Thuwein Ally dakika za mwisho. Ya tatu ilikuwa na Ivory Coast: 1-1, Thuwein tena.

Pointi moja, mabao matatu, safari imeisha. Kwa matokeo ya karatasi ni timu iliyoshika mkia kwenye kundi. Kwa nchi iliyokuwa inapanga foleni ya unga, ilikuwa ni timu iliyofunga bao kwenye kila mechi iliyocheza Lagos, wakiwemo kina Jella Mtagwa, Leodegar Tenga, Juma Pondamali na Omar Hussein. Majina hayo wazee wanayataja mfululizo kama wanahesabu watoto wao.

Kilichokuja baadaye ndicho kilichomfanya Bendera asisahaulike, na si kitu cha kufurahia. Stars haikurudi AFCON. Ikapita 1982, ikapita 1984, ikapita miaka ya 1990 yote. Makocha walikuja na kuondoka, wazungu kwa wazalendo. Kila kampeni iliposhindikana, magazeti yalifufua picha za kikosi cha 1980, na Bendera akatafutwa aelezwe tena ilikuwaje. Sifa yake ilikuwa inalelewa na kushindwa kwa waliofuata.

Kutoka benchi kwenda bungeni

Siasa ilimchukua. Mwaka 2005 alichaguliwa mbunge wa Korogwe Mjini kwa tiketi ya CCM. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete akamteua Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo.

Naibu. Msaidizi tena.

Safari hii lakini kuna jambo tamu. Rais wa Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, wakati huo alikuwa Leodegar Tenga, beki wake wa Lagos. Mtu aliyekuwa anaamka kwa filimbi yake sasa alikuwa anaongoza soka la nchi, na yeye anakaa wizara inayosimamia michezo yote. Timu ya taifa ilikuwa chini ya Mbrazil Marcio Maximo.

Mwaka 2009 Stars ilikwenda Ivory Coast kucheza fainali za kwanza za CHAN, zile za wachezaji wa ligi za ndani. Iliwafunga wenyeji 1-0 na kutoka sare 1-1 na Zambia. Lakini CHAN si AFCON, na hesabu ya miaka tangu 1980 ikaendelea.

Uchaguzi wa 2010 haukumrudisha bungeni.

Morogoro

Septemba 2011 aliteuliwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro.

Kisoka, alifika mahali penye historia yake. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975, na Mtibwa Sugar ya Turiani ikabeba mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Uwanja wa Jamhuri uko pale mjini, na ukigeuza shingo kutoka jukwaani unaiona Uluguru imesimama.

Ila mkuu wa mkoa halipwi kwa kutazama mpira. Bendera alipokea mkoa mgumu. Kilosa na Mvomero kulikuwa na ugomvi wa wakulima na wafugaji ambao ulikuwa unaua watu. Ng'ombe wanaingia kwenye shamba la mahindi, mwenye shamba anachukua panga, mwenye ng'ombe anachukua sime, na kesho yake mkuu wa mkoa, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, anatakiwa awe pale anaongea na pande zote mbili. Si kazi inayoishia dakika ya 90. Ugomvi huo ulikuwepo kabla yake na aliuacha ukiwepo.

Kisha kuna mlima wenyewe. Maji ya Uluguru ndiyo yanayojaza bwawa la Mindu linaloinywesha Morogoro mjini, na ndiyo yanayolisha Mto Ruvu unaotegemewa na Dar es Salaam. Mwananchi anayelima ndizi na mboga kwenye mteremko mkali hana shamba lingine, na wa mjini anayelalamika bomba kukauka naye ana haki. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 ikapata ghasia. Tangu hapo kila kiongozi anayefika Morogoro anajua kwamba mlimani huendi na amri peke yake.

Mkuu wa mkoa ni mwakilishi wa rais. Lawama za mkoa zinaishia mezani kwake, na mafanikio yanasomwa kwenye hotuba za mwingine. Kwa mtu aliyeanzia kwenye benchi pembeni ya Mpoland, pengine hilo halikumshangaza.

Novemba 2014 alihamishiwa Manyara.

Desemba 2017

Alidumu Manyara hadi Oktoba 2017, alipostaafu na nafasi yake kuchukuliwa na Alexander Mnyeti. Mapumziko yenyewe hayakufika hata miezi miwili. Desemba 6, 2017, Bendera alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akiwa na miaka 67.

Habari za msiba wake zilianza na soka. Ubunge, unaibu waziri, mikoa miwili, vyote vilikuja aya za chini. Juu kabisa kulikuwa na 1980.

Na wakati anazikwa, ile rekodi ilikuwa bado imesimama. Miaka 37 na Stars haijarudi.

Machi 24, 2019, miezi 15 baada ya kifo chake, Stars iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kufuzu AFCON ya Misri. Kocha mkuu alikuwa Mnigeria Emmanuel Amunike, yule aliyewafunga Zambia mabao mawili kwenye fainali ya 1994. Pembeni yake alikaa Mzanzibari, Hemed Suleiman 'Morocco'. Kocha msaidizi.

Kulikuwa na sherehe hadi usiku. Bendera hakuiona.

Januari 2024 Stars ilikuwa Ivory Coast kwenye AFCON nyingine. Kocha mkuu Adel Amrouche alifungiwa na CAF baada ya mechi ya kwanza, na timu ikaachwa mikononi mwa msaidizi, Morocco yuleyule. Mpinzani aliyefuata alikuwa Zambia.

Simon Msuva alifunga mapema, dakika ya 11. Zambia ikapungukiwa na mchezaji mmoja kwa kadi nyekundu. Dakika ya 88, Patson Daka akasawazisha, ikaisha 1-1, matokeo yaleyale ya Ndola, ila safari hii bao la jioni lilikuwa la wao.