Keaton: Mchekeshaji Asiyecheka

Wapo wanaodhani kwamba kuchekesha ni kazi ya mtu asiye na kazi, na kuwa anayeteleza na kuanguka mbele ya kamera hahitaji fikira. Maisha ya Buster Keaton, bingwa wa sinema bubu za Marekani, yanaikanusha dhana hiyo. Aidha, yanatuachia funzo zito kuhusu msanii na uhuru wake.

Joseph Frank Keaton alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 huko Piqua, jimbo la Kansas. Wazazi wake, Joe na Myra, walikuwa wachekeshaji wa jukwaani waliohama mji baada ya mji. Akingali mtoto mdogo, alikuwa akirushwa huku na huko jukwaani na babaye mithili ya mzigo. Walikuwako waliohofia kuwa anateswa, wakajaribu kumkomesha baba huyo. Mtoto naye alikuwa akijifunza mambo mawili: jinsi ya kuanguka bila kuvunjika, na kwamba hadhira hucheka zaidi iwapo anayeanguka hacheki. Ndipo ulipozaliwa uso wake mkavu uliokuja kuvuma duniani.

Mnamo 1917 aliingia katika sinema mjini New York, akiongozwa na mchekeshaji mashuhuri Roscoe Arbuckle. Kufikia 1920 alikuwa akitengeneza filamu zake mwenyewe. Alibuni, aliigiza na kuongoza, akikipima kila kitendo kama mwashi apimavyo ukuta. Katika Sherlock Jr. ya 1924, maji ya tangi la reli yalimwangusha, akavunjika mfupa wa shingo. Hakulijua hilo hadi daktari alipomwambia miaka mingi baadaye. Katika The General, iliyopigwa 1926, alilidondosha garimoshi la kweli mtoni kutoka kwenye daraja linaloungua. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, naye anasalimika kwa kuwa amesimama panapoangukia uwazi wa dirisha. Ukuta huo haukuwa wa karatasi. Lau angesimama hatua moja kando, angekufa.

Hata hivyo, The General iligharimu fedha nyingi na kuingiza chache. Mwaka 1928 Keaton alitia saini mkataba na kampuni kubwa ya MGM. Charlie Chaplin na Harold Lloyd, waliokuwa wakizimiliki kazi zao, walimwonya, hakusikia. Akawa mwajiriwa wa kuletewa hadithi zilizokwisha kuandikwa, ilhali kipawa chake kilikuwa katika kubuni papo hapo. Ulevi ukamtawala, ndoa yake ikavunjika 1932, na 1933 akafutwa kazi.

Aghalabu husemwa kwamba kuja kwa sauti ndiko kulikommaliza. Sikubaliani na kauli hiyo. Filamu zake za sauti katika kampuni hiyo ziliingiza fedha. Lililotoweka ni mamlaka yake juu ya kazi yake. Mwajiri aliyeridhishwa na mapato hakuona sababu ya kumrejeshea uhuru.

Keaton hakuzama moja kwa moja. Alirudi MGM kwa cheo cha chini, akiwabunia wengine vichekesho. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, na maisha yake yakatulia. Filamu zake za kale zilipofufuliwa, kizazi kipya kilimtambua, na mwaka 1960 akatunukiwa Oscar ya heshima. Alifariki tarehe 1 Februari 1966 akiwa na umri wa miaka 70. Mwaka 1989, The General ilikuwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuteuliwa na taifa la Marekani zihifadhiwe daima.

Mwalimu anayefundisha tamthilia na asizipuuze sinema hizi. Zinaonyesha jinsi mwili usemavyo pale ulimi unaponyamaza. Mwanafunzi mwenye kipawa naye na ausome mkataba kwa makini kabla ya kuutia saini. Keaton aliponea chupuchupu chini ya ukuta uliomwangukia, lakini akaumizwa na karatasi.