ALIBHAI MULLA JEEVANJEE: MZEE ALIYETUACHIA MAHALI PA KUKAA

Kama wewe ni mwenzangu wa Tassia, Fedha au Nyayo, unajua kwamba mtaani kwetu hakuna mahali pa kukaa bure. Ukisimama penye kivuli, basi kivuli hicho ni cha ploti ya mtu. Ukikaa kwenye ngazi kupiga gumzo na wenzako, bawabu atakuja kukuuliza unaishi nyumba nambari gani. Watoto wadogo wanacheza kandanda barabarani, na kila bodaboda ikipita mpira unasimama. Ghorofa zimebanana hadi mtu wa orofa ya nne anaweza kumpokeza jirani yake chumvi kupitia dirishani. Mimi nimezaliwa huku, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba mji wote uko hivyo.

Siku moja likizoni, mama alinituma mjini na kaka yangu kununua kitabu cha marudio. Tulizunguka maduka hadi miguu ikatuuma. Ndipo kaka akanipeleka Jeevanjee tupumzike. Tulikaa chini ya mti mkubwa bila kuulizwa na mtu yeyote tunangoja nini. Kando yetu mzee alikuwa amelala usingizi wa pono, mhubiri alikuwa akikemea dhambi, na vijana walikuwa wakibishana kuhusu siasa kama wabunge. Nilimwuliza kaka huyu Jeevanjee alikuwa nani. Akanijibu eti alikuwa Mhindi fulani wa zamani mwenye duka. Jibu hilo halikuniridhisha. Nilipomwuliza mwalimu wetu wa Kiswahili alicheka kidogo, kisha akaniambia niende nikatafute mwenyewe halafu niwaandikie wenzangu. Ama kweli, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Haya basi ndiyo niliyoyapata.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka wa 1856 katika mji wa Karachi, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya Bara Hindi chini ya Waingereza na leo uko Pakistani. Jamaa zake walikuwa Waislamu wa Kibohora, watu waliojulikana kwa biashara. Hakubahatika kupata elimu nyingi ya darasani. Alichokuwa nacho ni miguu ya kutembea na jicho la kuona faida mahali ambapo wengine waliona taabu tupu. Mwaka wa 1886 alivuka bahari hadi Australia, akawa anauza bidhaa kutoka mashariki. Mwaka wa 1890 akatua Mombasa na kufungua tawi la biashara yake.

Hapo ndipo nyota yake ilipoanza kung'aa. Mwaka wa 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Walihitaji wafanyakazi, na Jeevanjee alipewa kandarasi ya kuwaleta watu kutoka Bara Hindi. Alipata pia kandarasi za kuwalisha wafanyakazi, kupasua miamba na kujenga. Wahindi walioletwa kujenga reli hiyo walikuwa kama 32,000, na wapatao 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na hata kwa meno ya simba wa Tsavo. Sisemi haya ili kumpaka matope marehemu, lakini ni vyema tujue kwamba utajiri wake ulitoka kwenye kazi ngumu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye bustani yoyote. Kizuri hakikosi ila.

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka wa 1899. Nairobi ya wakati huo haikuwa mji, wenzangu. Ilikuwa kinamasi ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao, na jina lenyewe limetokana na maneno yao ya maji baridi. Watu wa reli walipiga mahema, wakajenga vibanda vya mabati na mbao, na soko likaota kama uyoga. Uchafu ulizidi mno. Mwaka wa 1902 tauni ilizuka na daktari wa serikali akaamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Mji mchanga ukateketea sehemu yake kabla haujajua kutembea.

Jeevanjee hakukata tamaa wala hakurudi pwani. Alijenga nyumba za biashara na majengo ambayo serikali yenyewe ilipanga ndani yake. Hebu fikiria, serikali ya Mwingereza ikilipa kodi kwa Mhindi! Alijenga pia soko la mboga na nyama lililoitwa kwa jina lake, miaka mingi kabla ya Soko la Jiji tunaloliona leo katika barabara ya Muindi Mbingu. Ilisemwa kwamba alimiliki karibu nusu ya mji. Hata kama waliosema walitia chumvi, chumvi yenyewe hutiwa kwenye chakula kilichopo.

Tena hakuishia kwenye mawe na mabati. Mwaka wa 1902 alianzisha gazeti kule Mombasa, akaliita African Standard. Mwaka wa 1905 aliliuza, wanunuzi wakalibadilisha jina, na baadaye likahamia Nairobi. Gazeti hilo ndilo The Standard ambalo walimu wetu hulisoma hadi leo. Kwa hivyo mtu akikwambia kwamba huyu jamaa alikuwa mwenye duka tu, mwambie arudi darasani.

Mwaka wa 1906 ndio hasa ulionifanya niandike makala haya. Katikati ya mji ule wa vumbi na tope, Jeevanjee alichukua kiwanja cha ekari kama 5, akakitengeneza kuwa bustani, akawapa watu wa Nairobi. Aliweka ndani yake sanamu ya Malkia Viktoria wa Uingereza, na aliyekuja kuifunua ni Duke wa Connaught, mwanawe malkia mwenyewe. Labda wewe utauliza, kama mimi nilivyouliza, kwa nini mtu aweke sanamu ya mtawala kwenye zawadi ya wananchi. Nadhani alitaka Waingereza waone kwamba Wahindi nao ni raia wa himaya ile na wanastahili haki sawa. Alikuwa akiwakumbusha kwa heshima.

Lakini heshima haikutosha. Wazungu walipounda Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1907, Mhindi hakuwemo wala Mwafrika hakuwemo. Mwaka wa 1909 Jeevanjee aliteuliwa kuingia, akawa Mhindi wa kwanza barazani. Alikuta wenzake wamemgeuzia mgongo. Mwaka wa 1910 alisafiri hadi London kulalamika wazi kwamba Wahindi walionyimwa mashamba ya nyanda za juu ndio waliosaidia kuujenga mji na kuendesha biashara ya nchi. Mwaka wa 1914 Wahindi wa Afrika Mashariki waliunda chama chao cha kupigania haki, na yeye akakaa kwenye kiti cha rais katika mkutano wa kwanza. Mwaka wa 1923, akiwa mzee wa karibu miaka 70, alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda tena London. Serikali ya Uingereza ilitoa uamuzi kwamba maslahi ya Mwafrika ndiyo ya kwanza, ila nyanda za juu zikabaki mikononi mwa Wazungu. Katika ugomvi huo wote, Mwafrika mwenye ardhi hakualikwa mezani. Hilo nalo tusilisahau.

Mali ni kama maji, huja na huenda. Utajiri wa mzee huyu ulipungua sana katika miaka yake ya mwisho. Alifariki hapa Nairobi mwezi wa Mei mwaka wa 1936 akiwa na umri wa miaka 80. Majengo mengi ya enzi yake ya mwanzo hayapo tena. Yalibomolewa na mengine marefu zaidi yakasimama mahali pake. Alichotoa bure ndicho kilichobaki.

Msomaji, usidhani kilibaki chenyewe. Mwaka wa 1991, miaka 55 baada ya mzee kuzikwa, wakuu wa jiji walitaka kuigeuza bustani kuwa jengo la kuegesha magari. Wakati huo kuipinga serikali halikuwa jambo la mzaha. Miaka miwili tu nyuma, mwaka wa 1989, Profesa Wangari Maathai alikuwa ametukanwa hadharani kwa kukataa jengo la ghorofa 60 lijengwe Uhuru Park. Hata hivyo, mjukuu wa Jeevanjee aitwaye Zarina Patel alisimama kidete. Aliongoza kampeni, watu wa kawaida wakaungana naye, na mpango ule ukatupiliwa mbali. Baadaye, mwaka wa 1997, alichapisha kitabu cha maisha ya babu yake. Laiti angenyamaza, mimi na kaka tungekalia nini siku ile? Labda bampa ya gari la mtu.

Tangu siku hiyo nikienda mjini natembea nikiwa nimeinua macho, hata kaka anasema nitagongwa na matatu. Nimeiona Kipande House ya mwaka wa 1913, ambapo babu zetu walipangwa foleni kuandikishwa vipande vya kuning'iniza shingoni. Leo ni benki. Kuna watu husema majengo kama hayo yabomolewe kwa kuwa ni ya mkoloni. Mimi nasema hapana. Yakibomolewa, mtoto wa kesho ataambiwa habari za kipande na atadhani ni hadithi za sungura na fisi. Ukuta ule ni shahidi, na shahidi hauawi kwa sababu ushahidi wake unachoma. Hata sanamu ya malkia pale bustanini ilivunjwa kichwa mwaka wa 2015. Aliyeivunja huenda alikuwa na hasira ya haki, lakini hakutuachia maandishi wala mafundisho, alituachia vifusi tu. Tunayo sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu makavazi na urithi wa taifa, inayolinda majengo yaliyotangazwa rasmi. Lakini sheria haina macho. Macho ni yetu.

Sasa turudi nyumbani Tassia. Nikiwa shule ya msingi, mwezi wa Desemba mwaka wa 2019, jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa kwetu asubuhi na watu wapatao 10 wakapoteza maisha. Nakumbuka vumbi, ving'ora na akina mama waliojifunga leso viunoni wakikimbia. Kwa wiki kadhaa mama alikuwa akipapasa kuta za chumba chetu kabla ya kulala, akitafuta ufa. Haraka haraka haina baraka. Tangu hapo nimekuwa nikiwaza: kati ya ghorofa hizi zetu, ni ipi itakayosimama miaka 100 ijayo mpaka mwanafunzi aandike habari zake? Na ni mwenye ploti gani atakayeacha hata robo ya ekari ili watoto wacheze bila kufukuzwa?

Huenda utaniambia kwamba ardhi ni ghali na Jeevanjee alikuwa tajiri. Kweli. Lakini matajiri walikuwa wengi mwaka wa 1906 na wengi wao hatuwajui hata kwa jina. Tena walioiokoa bustani mwaka wa 1991 hawakuwa na mamilioni, walikuwa na sauti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipojua thamani ya ukuta wa zamani hutajua ni lini umeibiwa.

Kwa hivyo nina ombi kwa wanachama wenzangu na kwa walimu wetu waheshimiwa. Muhula ujao tusifanye midahalo darasani peke yake. Tuabiri matatu, twende mjini Jumamosi moja, kila mmoja achague jengo moja la zamani, aulize lilijengwa lini, na nani, na kwa nini, kisha aandike. Tukirudi, tutembee Tassia yetu na kuandika majina ya viwanja vilivyobaki wazi, hata kama ni kimoja. Kilichoandikwa ni vigumu kukiiba kimyakimya.

Mimi nishachagua langu. Nitakaa tena chini ya ule mti wa Jeevanjee, na safari hii nikiulizwa na mtu yeyote mzee huyu alikuwa nani, sitamjibu kama kaka alivyonijibu mimi.