Kokoro la Sajenti Friday: maisha ya Jack Webb, aliyewatia polisi redioni

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Nataka tumwongelee jamaa mmoja wa Marekani aliyefariki zamani, ambaye wengi wetu hatulijui jina lake, ila tamthilia za polisi tunazokesha nazo zinamdai yeye shukrani. Anaitwa Jack Webb.

Kama unasoma hii kafe na dakika zako zinakimbia, beba hiki kwanza: Webb ndiye aliyebuni Dragnet, mchezo wa polisi ulioanza kwenye redio ya NBC tarehe 3 Juni 1949, halafu ukaingia kwenye televisheni mwishoni mwa 1951. Yeye ndiye aliyekuwa mtayarishaji, mwongozaji na mwigizaji mkuu. Polisi walishaigizwa kabla yake, lakini wengi waliofuata walijifunzia hapo.

Neno lenyewe dragnet, kwa Kiingereza, ni wavu wa kuburuza. Sisi wa ziwani hatuhitaji kamusi. Hilo ni kokoro bana. Unalitupa majini, watu wanavuta kutoka ufukweni, linakuja na sato, sangara, furu na vichanga vyote. Ndiyo maana lilipigwa marufuku: halichagui. Wenzetu wakalichukua neno hilo kuita msako wa polisi. Shika hapo, nitalirudia.

Sasa maisha yake. Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1920 huko Santa Monica, California. Baba yake aliondoka kabla mtoto hajazaliwa. Akalelewa na mama na bibi yake katika mtaa wa Bunker Hill, Los Angeles, kwa maisha ya kuunga unga. Tena alikuwa na pumu, mtoto wa kushinda ndani. Mama alipangisha vyumba, na mpangaji mmoja mwanamuziki akamtia yule kijana ugonjwa wa muziki wa jazi ambao haukumtoka mpaka kufa.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na jeshi la anga, akitaka kuwa rubani. Hakufaulu mafunzo. Baadaye aliomba kuachiwa kwa sababu mama na bibi walikuwa wanamtegemea yeye, jeshi likakubali. Akaenda San Francisco, akapata kazi ya utangazaji katika redio ya KGO. Huko mwaka 1946 akaanza kuigiza mpelelezi wa mtaani aitwaye Pat Novak: maneno makali, ngumi mkononi, polisi wanaonekana mabwege. Yaani ule upelelezi wa kwenye hadithi. Hata sisi tunao wapelelezi wetu wa vitabuni. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, kwenye Mzimu wa Watu wa Kale cha 1960, anakaa na kiko chake anafumbua fumbo kwa akili. Willy Gamba wa Elvis Musiba anapambana na maadui wa nchi. Raha tupu, lakini askari wa kituo chako wala hafanani nao.

Kilichombadilisha Webb ni sinema moja ya 1948, He Walked by Night, ambamo alipata kisehemu kidogo cha mtaalamu wa maabara ya polisi. Mshauri wa sinema ile alikuwa sajenti halisi wa polisi wa Los Angeles, Marty Wynn. Wakati wa mapumziko Wynn akamlalamikia kwamba michezo ya redio inawapaka matope, kazi yao haiko vile kabisa. Akamwambia kama anataka kujua ikoje, majalada yapo. Webb akaenda. Akawa anapanda gari la doria na askari, anasikiliza wanavyoongea, anaandika mpaka wanavyoitana kwenye redio ya gari.

Hapo ndipo alipozaliwa Sajenti Joe Friday, beji namba 714. Na hapa nawaombeni mwone ujanja wa huyu bwana. Friday hapayuki. Anakupa tarehe, hali ya hewa, zamu aliyopo na jina la mkuu wake. Halafu anagonga milango. Mlango wa kwanza hakuna kitu, wa pili mama anaongea habari za paka wake, wa tatu kuna kaushahidi kadogo. Simu inapigwa, faili linasubiriwa, mguu unauma. Mwisho mtangazaji anakusomea kesi iliishaje mahakamani na mtu alifungwa miaka mingapi. Kesi zilitoka kwenye majalada ya kweli, majina yakabadilishwa ili wasio na hatia wasiumbuke.

Kwenye redio alikuwa mkali wa sauti. Mlango lazima usikike mlango, na hatua za mtu anayepanda ngazi zilikuwa na hesabu yake. Waigizaji aliwakataza kuigiza. Walipofika kwenye televisheni aliwawekea mashine ya kuwaonyesha maneno ili wasome tu bila kutia mbwembwe. Watu wakadhani wanasikiliza polisi kweli. Msimu wa 1953 hadi 1954, Dragnet ilikuwa ya pili kwa kutazamwa Marekani nzima, nyuma ya I Love Lucy. Redioni ilidumu hadi 1957 ikiwa na vipindi zaidi ya 300, na kwenye televisheni hadi 1959.

Hakuogopa kumtia msikilizaji huzuni. Desemba 1949, wiki ya Krismasi, alirusha kipindi cha mtoto aliyeikuta bunduki iliyofichwa ndani kama zawadi ya sikukuu, ikamuua rafiki yake. Chama cha wenye bunduki kikalalamika, yeye hakurudi nyuma. Na Barton Yarborough, aliyeigiza mwenzake Friday, alipofariki ghafla kwa moyo Desemba 1951, siku 3 tu baada ya kipindi cha kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni, Webb hakumbadilisha kimya kimya. Alimfanya na mhusika naye afe kwa moyo, msiba ukaingia ndani ya mchezo.

Wakati huo sisi tulikuwa wapi? Juni 1949 Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyemzidi umri Webb kwa... hapana, Webb ndiye mkubwa kwa miaka 2, alikuwa ameshafika Edinburgh kusoma, akarudi Tanganyika 1952. Baadaye akiwa Rais aliona televisheni ni anasa kwa nchi maskini. Zanzibar walipata yao miaka ya 1970, Bara tukasubiri mpaka 1994. Kwa hiyo watu wa umri wangu tuliokulia Bunda mchezo wetu ulikuwa wa masikio. Betri zinaanikwa juani, jioni familia nzima inasogelea Radio Tanzania kusikiliza Pwagu na Pwaguzi. Matapeli wale walituchekesha, lakini askari wa kwetu, mwenye jina na miguu inayouma, sikumsikia akipewa mchezo wake.

Haya, sasa turudi kwenye kokoro. Wale polisi wa Los Angeles hawakutoa majalada bure. Mwaka 1949 idara yao ilikuwa inanuka kashfa za rushwa. Mwaka 1950 akaja mkuu mpya, William Parker, mtu wa nidhamu na mwenye kujua thamani ya sifa. Makubaliano yakawa hivi: Webb anapata kesi, washauri, magari na majengo, na idara inasoma kila muswada kabla haujaenda hewani. Askari wabovu walionyeshwa mara chache, na kila mara idara yenyewe ndiyo iliyowasafisha.

Angalia tarehe hizi wewe mwenyewe. Dragnet ilionja televisheni tarehe 16 Desemba 1951. Siku 9 baadaye, alfajiri ya Krismasi, askari wa idara ileile waliokuwa wamelewa waliwatoa mahabusu vijana 7, watano kati yao wenye asili ya Mexico, wakawapiga mpaka mifupa ikavunjika. Magazeti yakapiga kelele, askari kadhaa wakatiwa hatiani mahakamani, wengine wengi wakasimamishwa au kuhamishwa. Januari 1952 Sajenti Friday akaanza rasmi kwenye televisheni, mpole, msafi, hamgusi mtu. Nchi nzima ikampenda. Jalada la Krismasi ile hakuwahi kulifungua.

Mimi hapa ndipo panaponigusa. Miaka ya nyuma mdogo wangu alizolewa kwenye msako, kituo sikitaji. Alikuwa ametoka kununua mafuta ya taa. Akalala ndani siku 2 kwa uzururaji, akatoka bila kesi na bila viatu. Jalada lake, kama liliandikwa, nina hakika linasomeka vizuri tu: tarehe ipo, saa ipo, namba ya askari ipo. Kila neno linaweza kuwa kweli na bado viatu visiwemo. Ndiyo maana namheshimu Webb na papo hapo namwekea alama ya kuuliza. Alitufundisha kuheshimu ukweli mkavu. Ila ukweli ule ulichambuliwa na upande mmoja kabla haujamfikia.

Mwaka 1965 mtaa wa Watts, walikoishi weusi wengi, uliwaka moto baada ya askari kumsimamisha kijana barabarani. Watu 34 wakafa. Wengi nje ya mtaa ule walishangaa hasira ile imetoka wapi, maana polisi waliyemjua wao alikuwa Friday. Webb alirudi na Dragnet mpya kuanzia 1967 hadi 1970, safari hii akitoa mihadhara mirefu kwa vijana wavuta bangi. Wengine walimsikiliza, wengine walimcheka mpaka leo.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Alioa mara 4. Mke wa kwanza, mwimbaji Julie London, aliyemzalia mabinti 2, aliachana naye 1954. Jamaa alifanya kazi kama punda na kuvuta sigara kama treni, yeye mwenye pumu ya utotoni, na mchezo wake wenyewe ulidhaminiwa na kampuni za sigara. Mwaka 1963 alipewa ukuu wa televisheni pale Warner Bros., akatimuliwa mwaka huohuo. Lakini roho ya kinyongo hakuwa nayo sana: mwaka 1972 alipoanzisha Emergency!, mchezo wa waokoaji wa zimamoto wanaotibu watu barabarani, alimpa kazi yule mtalaka wake pamoja na mume wake mpya, Bobby Troup. Sijui wangapi kati yetu tungeweza.

Na ule mchezo, kwa maoni yangu, ndio sadaka yake kubwa. Wakati ule sehemu nyingi za Marekani hazikuwa na huduma hiyo ya matibabu ndani ya gari la wagonjwa. Watu waliiona kwenye TV, wakaenda kuidai kwenye miji yao. Mnaojua barabara ya Bunda kwenda Musoma na ajali zake mnanielewa.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 23 Desemba 1982, akiwa na miaka 62. Polisi wa Los Angeles walimzika kwa heshima zao, yeye ambaye hakuwahi kuwa askari hata siku moja, na mkuu wao akatangaza kwamba beji namba 714 haitavaliwa tena. Miaka 8 baadaye, Machi 1991, raia mmoja akiwa kibarazani kwake aliwapiga picha za video askari wa idara hiyohiyo wakimshushia kipigo Rodney King. Hakuwa na muswada, wala hakuomba ruhusa ya mtu. Jalada lilifunguliwa kutoka upande wa pili.

Nyie vijana mna simu zenye kamera mfukoni, na mnaandika kila siku. Mkitaka kuiga kitu kwa Webb, igeni subira yake: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, goti chini kwenye kila mlango. Kisha fanyeni ambacho yeye hakukifanya, mgonge na mlango wa mahabusu.

Nawasilisha. Wazee wa Mara mnaokumbuka mchezo wowote wa redio wenye askari ndani yake, tupieni maoni hapo chini. Matusi sitaki.