Kaare Klint: Jamaa aliyepima sahani kabla ya kuchora kabati

Hebu simama mbele ya kabati lako la vyombo, kama unalo. Angalia ile nafasi tupu iliyobaki juu ya vikombe. Angalia vile sahani kubwa ilikataa kuingia, sasa mlango haufungi vizuri. Droo ya vijiko nayo ni refu kwenda chini hadi kupata kijiko kimoja lazima uchimbue. Kwani fundi alipima nini? Pengine alipima ukuta, akakuuliza unataka rangi gani, akaanza kukata mbao.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, kule Denmark, kulikuwa na jamaa ambaye hangekubali kazi ianze hivyo. Kabla hajachora kabati, alitaka kujua kitakachoingia ndani. Anaitwa Kaare Klint, na wengi humtaja kama baba wa fanicha za kisasa za Denmark. Kama unahamia keja yako ya kwanza mwaka huu, huyu mzee ana kitu cha kukufaa.

Klint alizaliwa Desemba 15, 1888, Frederiksberg, eneo lililozungukwa na jiji la Copenhagen. Babake, P.V. Jensen-Klint, alikuwa msanifu majengo, na kwao hata kitu kidogo cha nyumbani kilikuwa kazi ya kufikiriwa. Mzee huyo aliwahi kukunja karatasi mikunjo mikunjo akatengeneza kifuniko cha taa ya mafuta, na kazi hiyo ikawa ya familia. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1943, ndugu yake Kaare aliyeitwa Tage alianzisha kampuni ya taa hizo, Le Klint. Kaare mwenyewe aliwachorea taa ya duara ya karatasi mwaka uliofuata.

Usidhani alitoka chuo na shahada ya kuchora viti. La. Kijana alianza kwa kusomea uchoraji wa picha. Mambo ya ujenzi aliyaokota kazini, kwa babake na kwa msanifu mwingine aliyeitwa Carl Petersen.

Petersen ndiye aliyempa nafasi ya kwanza kubwa. Mnamo 1914 alikuwa akijenga jumba la makumbusho ya picha katika mji wa Faaborg, akamwachia Klint upande wa fanicha. Klint akatengeneza kiti chepesi, chenye mgongo wa kufumwa. Mbona chepesi? Kwa sababu anayeangalia picha husogea kutoka hii hadi ile, basi kiti lazima abebe mwenyewe bila jasho. Na mbona kifumwe? Kwa sababu sakafu ya pale ilikuwa imepambwa, na kiti kizito kingeiziba. Ona hapo: kiti kilianzia kwa mtu, picha na sakafu. Umbo likafuata.

Mwaka wa 1916 hadi 1917 akaanza kazi ambayo wenzake wengi wangeiona ya kuchosha. Alipima. Alianza na mwili wa binadamu: mtu akikaa, goti liko juu kiasi gani? Mkono unafika wapi? Halafu akageukia vitu. Sahani, glasi, vikombe, visu, uma, mashati yaliyokunjwa, nguo za kutundikwa. Kila kitu ambacho familia ya kawaida ya Denmark ilikuwa nacho kilimvutia.

Sasa shika hapa, maana ndipo penye maana ya hadithi yote. Chukua sahani. Ukijua upana wake, umeshajua rafu inafaa kwenda ndani kiasi gani. Ukizidisha, ile nafasi ya nyuma itajaa vumbi na vitu vya kusahaulika. Chukua kikombe. Urefu wake, pamoja na nafasi ya mkono kukitoa, ndio unaoamua rafu inayofuata ikae wapi. Shati lililokunjwa linaamua upana wa droo. Kijiko ni chembamba, kwa hivyo droo yake haina haja ya kuwa refu kwenda chini. Ukishapanga hivyo kutoka ndani, ukubwa wa nje unajitokeza wenyewe. Kabati dogo lililogawanywa vizuri linaweza kubeba vyombo vingi kuliko lile jitu kubwa lililojaa hewa.

Kabati lake la vyombo la mwaka wa 1930 lilifuata hesabu hiyo. Kwa nje halikuwa na makeke. Ujanja wote ulikuwa ndani.

Mwaka wa 1924 alisaidia kuanzisha shule ya fanicha katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Denmark, akawa mwalimu wake. Wakati huo huo, yeye na msanifu Ivar Bentsen walikuwa wakigeuza hospitali ya zamani, Frederiks Hospital, kuwa makumbusho ya sanaa za ufundi. Wanafunzi wake walipelekwa kupima viti vya kale kimoja kimoja: vya Uingereza, vya Uchina, vya popote.

Enzi hizo, kule Ujerumani, wasanifu vijana walikuwa wakisema ya kale yatupwe, tuanze upya na chuma na mashine. Klint aliona tofauti. Kwake, mafundi wa zamani walikuwa wameshatatua shida nyingi, na mjinga ni yule anayerudia kazi iliyokwisha.

Ndiyo maana mwaka wa 1933 alichukua kiti cha kambini cha maofisa wa jeshi la Uingereza, akakinyoosha na kukiboresha. Kinaungwa bila kifaa chochote, kinafunguliwa kikabebwa, na miguu yake hujirekebisha hata ardhi ikiwa si sawa. Jina lake? Safari. Naam, neno letu la Kiswahili, na hadi leo kiti hicho bado kinatengenezwa Denmark kikiitwa hivyo.

Kisha kuna kanisa. Babake alianza kujenga Kanisa la Grundtvig mjini Copenhagen mwaka wa 1921, lakini akafariki 1930 kazi haijaisha. Kaare akaichukua hadi ikakamilika mwaka wa 1940. Badala ya kujaza mabenchi mazito, aliweka viti vya mbao, kila kimoja na mahali pa kuweka kitabu cha nyimbo kwa mgongo. Hata ndani ya kanisa kubwa vile, bado jamaa aliwaza: huyu muumini atakiweka wapi kitabu chake?

Lakini tusimpake asali. Fanicha za Klint zilikuwa ghali. Zilichongwa kwa mikono na maseremala mabingwa, kwa mahogani na ngozi nzuri ya mbuzi. Kwa hivyo mtu aliyepima vyombo vya familia ya kawaida alitengeneza vitu ambavyo familia hiyo haingeweza kununua. Hilo ni doa, na halifutiki kwa sababu tu viti vyake ni vizuri.

Aliyelishughulikia doa hilo ni mwanafunzi wake, Børge Mogensen. Mwaka wa 1942, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Mogensen alifanywa mkuu wa fanicha katika FDB, chama cha ushirika cha wanunuzi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza fanicha ambazo mfanyakazi wa kawaida angemudu. Kiti chake cha J39 cha mwaka wa 1947 kilipata umaarufu kama kiti cha wananchi. Halafu mnamo 1954, akiwa na msanifu Grethe Meyer, akaendeleza hesabu ya mwalimu wake: nyumba moja ina mashati mangapi, vijiko vingapi, vitambaa vya meza vingapi? Kutokana na majibu hayo wakabuni makabati ya kujengewa ukutani, vipande vya vipimo maalum unavyopanga kulingana na mahitaji yako.

Klint alifariki Machi 28 mwaka huo huo wa 1954, akiwa na umri wa miaka 65.

Sasa turudi kwako. Vyombo vyako si vya Denmark. Wewe una sufuria tatu zinazoingiana, chupa ya chai, mtungi wa gesi, jerikeni la maji na viatu kadhaa ambavyo hulala chini ya kitanda. Chumba chako pengine kina nafasi ya kabati moja tu, na pesa za kulitengeneza umezitafuta kwa miezi. Ukikosea, hakuna pa kulipeleka wala pesa za kutengeneza lingine.

Kwa hivyo kabla hujamtumia fundi picha uliyoona kwenye simu, toa vitu vyako vyote uvipange sakafuni. Chukua tepu ya kupimia na kalamu. Pima upana wa sufuria kubwa pamoja na masikio yake. Pima urefu wa mtungi wa gesi ukiwa na kichomeo juu. Pima sahani, pima viatu, hesabu nguo unazokunja na unazotundika. Andika kila kitu kwenye karatasi moja, kisha mpe fundi hiyo karatasi kabla hamjaongea bei wala rangi.

Akicheka, mwache acheke. Mwambie tu mtungi lazima uingie na mlango ufungike.