Makhan Singh: Mpiga Chapa na Mtetezi wa Wafanyakazi

Reli inayoukata mtaa wa Kibera, jijini Nairobi, iliwapa riziki mafundi wengi kutoka Bara Hindi. Miongoni mwao alikuwemo Sudh Singh, seremala aliyehamia Kenya mwaka 1920. Mwanawe, Makhan Singh, alizaliwa Gharjakh, katika jimbo la Punjab, tarehe 27 Desemba 1913, akamfuata Nairobi pamoja na mamake mwaka 1927. Hatimaye Sudh Singh aliiacha kazi ya reli akaanzisha kiwanda cha kupigia chapa, na humo ndimo Makhan alimofanya kazi alipohitimu masomo ya sekondari. Aghalabu Makhan Singh hukumbukwa kama kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Hata hivyo, maisha yake hayaeleweki barabara pasipo kuutazama mtambo wa chapa.

Viwanda vidogo vya zama hizo vilitegemea mkono wa mtu. Mtambo wa kawaida ulikuwa na mabapa mawili yaliyofumba na kufumbua mfano wa taya. Herufi za risasi zilifungwa kwenye bapa moja. Kwenye bapa la pili fundi aliweka karatasi kwa mkono wa kulia, taya zikafumba, zikafumbua, naye akaitoa kwa mkono wa kushoto. Kila nakala ilidai mwendo huo huo. Fundi stadi aliweza kutoa takriban nakala 1,000 kwa saa, lakini aliyezidiwa na uchovu alivihatarisha vidole vyake. Kwa fundi kama huyo, urefu wa siku ya kazi ulikuwa suala la usalama wa mwili.

Huko Ulaya wabunifu walikuwa wamekwisha kuutafutia mkono huo badala. Mwaka 1912 mpiga chapa wa Ujerumani, Karl Gilke, alibuni mikono miwili ya chuma inayozunguka mithili ya mabawa ya kinu cha upepo. Katika mitambo ya aina hiyo, hewa hupulizwa kandoni mwa rundo ili karatasi zisigandamane, kisha vinyonyaji vya hewa huinua ile ya juu peke yake. Koleo za mkono mmoja huidaka na kuipeleka penye herufi, ilhali mkono wa pili unaiondoa iliyokwisha kupigwa chapa. Kampuni ya Heidelberg iliuendeleza ubunifu huo, na mitambo yake ya baadaye ikafikia nakala 5,000 kwa saa. Fundi akabakia kupanga rundo na kuchunga mwendo. Kasi iliongezeka, lakini nani angeifaidi?

Mintarafu ya swali hilo, Makhan Singh alijifunga kibwebwe. Mnamo Machi 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Mwaka huo huo chama hicho kikawafungulia milango wafanyakazi wa kila rangi, kikaitwa Labour Trade Union of Kenya. Vikaratasi vyake vilitolewa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Uamuzi huo ulikuwa na uzito, maadam mtambo waweza kutema maelfu ya nakala, lakini nakala isiyosomeka kwa mlengwa ni karatasi iliyoharibiwa. Mgomo ulioanza tarehe 1 Aprili 1937 ulidumu siku 62. Wafanyakazi waliugura wakiwa na nyongeza ya mshahara ya kati ya asilimia 15 na 25, pamoja na siku ya kazi ya saa nane.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Alipokwenda India alikamatwa mwaka 1940, na hakuwa huru kabisa hadi 1945. Alirejea Kenya mwaka 1947, na tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai wakaongoza kuasisiwa kwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Alikamatwa tarehe 15 Mei, na Nairobi ikagoma siku iliyofuata. Serikali ya kikoloni ilimtenga Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961. Hakupewa cheo kikubwa katika Kenya huru. Akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi, iliyochapishwa mwaka 1969. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973.

Vinyonyaji vya hewa vingali vinainua karatasi katika viwanda vya chapa vya Nairobi. Kila alfajiri wakazi wengi wa Kibera na Kawangware hutembea kwa miguu kwenda kutafuta kibarua viwandani. Mashine imekwisha kumwondolea fundi kazi ya kuweka karatasi moja moja. Ujira wa haki na siku ya saa nane haviletwi na mashine. Hivyo Makhan Singh alivipigania kwa vikaratasi vilivyosomeka.